'Smart': mjanja, mkali au mwerevu?

MUHULA uliopita nilihudhuria mkutano wa wazazi katika shule moja mjini Voi. Mwalimu kijana, akisifu matokeo ya mvulana fulani, alimwambia mzazi wake: "Mama, kijana wako ni mjanja sana." Mama alinyamaza, kisha akauliza: "Kwani ameiba nini, mwalimu?" Mwalimu akajaribu kujirekebisha: "La, mama, namaanisha ni smati." Mama akalitazama shati la mwanawe lililoraruka kwenye kiwiko, asiseme kitu. Mvulana naye alikuwa ameinamisha kichwa.

Mwalimu alikuwa akitafsiri kivumishi cha Kiingereza 'smart'. Katika Kiingereza cha Kale, neno hili lilihusu maumivu ya kuchoma. Neno la Kijerumani 'Schmerz', yaani maumivu, ni la ukoo huohuo. Kutoka kwenye ukali wa maumivu lilihamia kwenye wepesi wa mwendo, kisha wa akili, na katika karne ya 18 hivi likabeba dhana ya unadhifu. Wamarekani hulitumia zaidi kwa maana ya akili. Sisi tulitawaliwa na Waingereza, na 'smati' yetu aghalabu ni ya mavazi: "Leo umetoka smati!" Kwa maana hiyo Kiswahili kina 'mtanashati'.

Ajabu ni kwamba '-kali' yetu imepita njia iyo hiyo. Tuna kisu kikali, maumivu makali, na vijana husema fulani ni mkali wa hesabu. Lakini mwalimu angesema "kijana wako ni mkali", mama angedhani amepigana!

'Mjanja' ndilo lililomponza. Vijana wa mjini wamelifanya sifa. Asiye mjanja ni mshamba. Kwa msemaji wa umri wa mama yule, mjanja ni laghai, ni yule sungura wa hadithi. Ndiyo maana hata 'simu janja' sijaikubali, ingawa kwa jinsi inavyokula pesa zangu, huenda waliotunga jina hilo walijua walitendalo.

Neno alilolihitaji mwalimu ni 'mwerevu'. Nalo lina walakini, maana werevu huweza kuwa wa hila, ila panapozungumziwa masomo hakuna atakayemshuku mtoto. Nilimwinamia mama nikamwambia hivyo. "Kumbe!" akasema, akamshika mwanawe bega, wakaondoka kuwahi matatu ya Wundanyi.