MBWA WALIOACHIWA KATIKA VIWANJA VYA UMMA: MUISLAMU ASEME NINI KATIKA MKUTANO WA MTAA?

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba wake.

Katika miji ya Ulaya na Marekani, halmashauri huwauliza wakazi kama sehemu ya bustani ya umma itengwe ili mbwa wakimbie bila kamba. Kwetu Kizwite, mjini Sumbawanga, suala huja kwa sura nyingine: mbwa wengi hawana kamba kabisa, na kiwanja ni kile kile wanachochezea watoto. Tunaulizwa: jambo hili likiletwa mtaani, Muislamu aseme nini? Wapo wanaotaka tuseme kwamba kiwanja alichopita mbwa hakifai tena kwa sala ya Idi, na kwamba mbwa wote wauawe. Hoja zote mbili hazisimami.

Hukumu ya ardhi

Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mbwa ni najisi nzito. Chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Imam Malik ameona mbwa ni tohara, na Mahanafi wameinajisisha mate yake bila mwili wake. Hata kwetu, kikavu kikigusana na kikavu najisi haihami. Na kanuni inasema yakini haiondolewi na shaka: ardhi ni tohara mpaka najisi ionekane. Imepokewa kwa Ibn Umar katika Bukhari kwamba mbwa walikuwa wakipita msikitini zama za Mtume (S.A.W.), wala hapakunyunyizwa maji. Basi tusiibebeshe dini lisilokuwamo.

Kuua mbwa

Amri ya kuua mbwa iliwahi kutolewa Madina, kisha ikazuiwa, kama alivyopokea Muslim. Ikaruhusiwa kufuga mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na hao ndio wanaohitajiwa na wakulima na wafugaji wa Ufipa. Anayeruhusiwa kuuawa ni mbwa mkali anayedhuru.

Madhara ya kweli

Hoja yetu iwe kichaa cha mbwa. Dalili zikishadhihiri kwa mtu, ni nadra sana kupona, na karibu wagonjwa wote huambukizwa na mbwa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali kuchanjwa siku hiyo hiyo. Asipake udongo kwenye jeraha kwa kudhani ndiyo tohara. Kuhifadhi nafsi hutangulia. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, maambukizi hukatika.

Adabu ya shura

Kabla ya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Mtume (S.A.W.) alielekea kubaki Madina, lakini akafuata rai ya waliotaka kutoka. Mambo yakawa mazito, na bado Qur'an (3:159) ikamwamrisha aendelee kushauriana nao. Aidha, alikisifu kiapo cha Hilful-Fudhul, kilichofungwa na watu wasiokuwa Waislamu kwa ajili ya haki. Basi jirani Mkristo mwenye mbwa si hasimu wetu.

Tuhudhurie, tuombe mambo matatu: mbwa wachanjwe, wafungwe saa ambazo watoto huenda shule na madrasa, na wazuiwe kiwanjani siku za Idi. Rai yetu ikishindwa, tusisusie mkutano ujao.

Wallahu a'lam.