Wasiwasi wa mtoto si ukaidi: tiba yake huanzia nyumbani

Na Mwandishi Wetu, Doha

KISIWA cha The Pearl hapa Doha si kisiwa cha asili. Kazi ya kufukia bahari ilianza mwaka 2004, mahali ambapo zamani wapiga mbizi walikuwa wakizamia lulu. Leo pamejaa maghorofa, na huko Porto Arabia zimefungwa mashua za matajiri. Milangoni utawakuta walinzi kutoka Kenya na Uganda, na ndani ya nyumba wapo dada zetu wanaolea watoto wa wenyewe.

Mmoja wao, mama kutoka Malindi, tulikaa naye kando ya maji siku yake ya mapumziko. Alituomba tusimtaje jina. Mtoto anayemlea ana miaka 11, na kila chakula ni vita.

"Nikimpa sahani ananiuliza kama nimeiosha. Namwambia nimeosha. Anauliza tena, hata mara kumi. Mwisho naiosha mbele yake mara tatu ndipo ale," alisema. Mikono ya kijana huyo imechubuka kwa sabuni. Baba yake aliona ni ukaidi, na yeye dada aliona ni jini.

Ndugu msomaji, huu ni ugonjwa unaotambulika, ambao madaktari huuita kwa kifupi OCD. Wazo la kutisha humwingia mtu bila kualikwa: uchafu, moto, kumdhuru ampendaye, au kumkosea Mungu. Ili atulie, hurudia jambo: kuosha, kukagua, kuhesabu, kuuliza. Utulivu huo haudumu, na kesho atahitaji kurudia zaidi. Inakadiriwa kuwa humpata mtoto mmoja hadi watatu katika kila mia.

NENO TUNALO

Sisi Waswahili neno tunalo: wasiwasi, lililotoka katika Kiarabu. Nani pwani asiyemjua mtu wa wasiwasi, anayetawadha mpaka swala ikampita? Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya maradhi ya mwili na ya nafsi, na wasiwasi akauweka katika maradhi ya nafsi. Mwaka 2015 watafiti Rania Awaad na Sara Ali walilinganisha maelezo yake na vigezo vya madaktari wa leo, wakaona yanakaribiana sana.

Tiba ya leo ina mchango mkubwa wa mwana wa Afrika. Stanley Rachman alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1934, akahamia London mwaka 1959 na kuwa mwanasaikolojia katika Taasisi ya Saikayatria. Mwaka 1966 Victor Meyer, naye wa London, alikuwa ameandika jinsi alivyowasaidia wagonjwa kwa kuwazuia wasirudie matendo yao. Rachman na wenzake wakaipima njia hiyo kwa majaribio miaka ya 1970.

Mwaka 1978, yeye na Padmal de Silva walionyesha kwamba watu wazima wa afya nao hupata mawazo yale yale ya ajabu. Tofauti ni kwamba wao huyaacha yapite. Rachman alihamia Kanada mwaka 1982, akafariki mwaka 2021.

Tiba yenyewe hupanda kama ngazi. Mtoto na mtaalamu hupanga hofu kuanzia ndogo hadi kubwa. Mtoto hugusa kitasa cha mlango, kisha hakai kukimbilia bomba. Hofu hupanda, na asipoosha, hujifunza kwamba anaweza kuivumilia na kwamba alichokiogopa hakikutokea.

Nchini Marekani, utafiti wa mwaka 2004 uliwahusisha watoto 112 wa miaka 7 hadi 17. Kwa wiki 12, waliopata tiba hii peke yake, asilimia 39 dalili zao zilikwisha au zilibaki kidogo sana. Waliopata dawa peke yake walikuwa asilimia 21, waliochanganya vyote viwili asilimia 54, na waliopewa vidonge visivyo na dawa ni asilimia 4 tu.

NYUMBA NZIMA HUUGUA

Wataalamu wanasema familia huingia mtegoni kwa huruma. Mzazi hujibu swali mara ishirini, hufungua mlango ili mtoto asiguse, na kila msaada wa namna hiyo huulisha ugonjwa. Eli Lebowitz wa Chuo Kikuu cha Yale aliandaa mafunzo ya wazazi peke yao. Katika utafiti wa watoto 124 wenye maradhi ya hofu, watoto ambao wazazi wao tu ndio waliofundishwa walipata nafuu sawa na waliotibiwa wenyewe.

Lakini ni nani anayeosha ile sahani? Si mzazi. Ni dada, na yeye hana amri ya kukataa.

Mama wa Malindi alituambia kuwa familia ilipompeleka kijana kwa mwanasaikolojia, mtaalamu aliuliza ni nani anakaa na mtoto saa nyingi zaidi. Wazazi wakatazamana. Safari ya pili waliongozana na dada. Wakakubaliana wote watatu: swali litajibiwa mara moja, kwa upole, basi. "Siku ya kwanza alilia, na mimi nikalia jikoni. Sasa naosha mara moja."

Tulidhani kisa kimekwisha. Akanyamaza, kisha akatuambia ana mwanawe wa miaka 14 aliyemwacha kwa bibi. Hutawadha saa nzima, na shule amekuwa haendi. Fedha za mishahara miwili zimeishia kwa waganga.

"Bibi yake ndiye humshikia kata ya maji. Nilimpigia simu nikamwambia, mama, usimshikie tena, mpeleke hospitali ya kaunti, useme ni wasiwasi. Akaniuliza, wasiwasi nao una daktari?"

Jibu ni ndiyo, unaye. Anayeanzia hospitali ya karibu anaweza kuomba rufaa kwa wataalamu wa afya ya akili, iwe Mathari kule Nairobi, Muhimbili Dar es Salaam au Kidongo Chekundu Unguja. Mficha maradhi, kifo humuumbua.