Rusumo Mtandaoni

Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara, Tanzania, kwa takriban siku moja, wakikimbia vita. Kambi ya Benako, huko Ngara, ikageuka mji wa maturubai.

Kila tarehe 7 Aprili Rwanda huanza maombolezo ya Kwibuka, ya kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka huo wa 1994, na sehemu ya kumbukumbu za wakati ule sasa imo kwenye tovuti. Tovuti nazo hufa: ada isipolipwa, kurasa hutoweka.

Dawa ni kuzinakili mapema. Programu hufuata viungo, huchukua maandishi na picha, kisha huweka tarehe. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha kusikiliza kesi za mauaji hayo, ilifungwa 2015, lakini tovuti yake imehifadhiwa. Video ndizo sumbufu. Mara nyingi huponyoka.