Faili Zito, Taarifa ya Mapema

Tuseme wachoraji wawili wa ofisi moja hapa Majengo, Dodoma, wanafungua ramani ileile ya nyumba asubuhi. Mmoja anasogeza ngazi, mwingine anapanua jiko, jioni kila mtu anasevu. Ingekuwa barua, kompyuta ingelinganisha mistari na kuziunganisha kazi zote mbili. Mchoro haukubali. Ndani yake mara nyingi hamna mistari ya kusomeka, ni mfululizo wa namba tu, kwa hiyo anayesevu mwisho anaifuta siku nzima ya mwenzake. Na Dodoma ni mji wa ramani: mpango wake wa makao makuu ulichorwa na wataalamu wa Kanada mwaka 1976, na mpango kabambe wa sasa ni wa 2019 hadi 2039.

Waandishi wa programu hutunza matoleo ya kazi zao kwa mifumo maalumu. Unaotumika zaidi ni Git, alioutengeneza Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya Linux. Kila faili linalohifadhiwa hupewa alama ya herufi na tarakimu 40, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo; ukigusa nukta moja, alama inakuwa nyingine kabisa. Kwa kawaida kila mwenye nakala hubeba historia yote. Maandishi hayana shida, yanabanika vizuri. Picha ya JPEG au video imeshabanwa tayari, hivyo kila toleo jipya huongeza karibu uzito wake wote. Video ya MB 50 ikihaririwa hadi matoleo 20 hukaribia GB 1, na mwajiriwa mpya atayashusha yote kwa bando lake, pamoja na yale 19 asiyoyahitaji.

Mwaka 2015 kampuni ya GitHub ilitangaza Git LFS, nyongeza ya Git kwa mafaili makubwa. Anayeujua mfumo wa stakabadhi ghalani ameshaelewa: korosho zinabaki ghalani, mkulima anaondoka na karatasi. Katika historia huwekwa kijifaili chenye mistari mitatu, yaani aina ya mfumo, alama ya utambulisho na ukubwa kwa baiti. Mzigo wenyewe unakaa kwenye seva na kushushwa toleo husika linapohitajika. (Sheria ya Tanzania ya stakabadhi za ghala nayo ni ya 2005, kama Git. Sadfa tu, ila inapendeza.)

Uzito umepungua, lakini wachoraji wetu bado wanagongana. Mifumo mingi hutuma barua pepe baada ya mabadiliko kuingia. Kwa maandishi inatosha. Kwa mchoro, taarifa hiyo ni pole tu.

Kwa maoni yangu wazee walikuwa na busara zaidi hapa. Katika CVS, mfumo wa matoleo wa kabla ya Git, mtu aliweza kutangaza kwanza kwamba anaanza kuhariri, na waliojiandikisha wakaarifiwa. Subversion, mfumo mwingine wa zamani, uliweka kufuli: faili lililoteuliwa linasomeka tu hadi ulichukue rasmi. Git, uliojengwa kwa watu wasiolazimika kutegemea seva moja, haukuwa na nafasi ya utaratibu huo. Ulirudi mwaka 2017, LFS toleo la 2.0 lilipoleta kufuli.

Kufuli nalo lina karaha. Aliyelifunga anaweza kwenda msibani Kondoa na kuliacha faili limefungwa. Ipo amri ya kulifungua kwa nguvu. Anayetaka kuitumia ni vyema ampigie mwenzake simu kwanza.