Daftari la Nyumba: Tangu Gunia la Kwanza Hata Wosia

Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo wengi hulikwepa, nalo ni hesabu ya mali ya nyumba. Sisi watu wa Nangwa twajua kuhesabu ng'ombe kila jioni waingiapo zizini, na mmoja akikosekana hatupati usingizi. Lakini shilingi zitokazo mkononi mwetu siku ya mnada hatuzihesabu, wala magunia yatokayo ghalani. Nao wahenga walikwisha kusema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuliwahi kukaa matangani kwa mtu mmoja aliyekuwa na bidii sana, mwenye shamba zuri na wanyama wengi. Kama ilivyo desturi yetu, hakuwaweka wanyama wake wote katika zizi moja, bali aliwagawa kwa marafiki wa vijiji vingine wamchungie, ili maradhi au ukame ukipiga huku, huko wabaki. Desturi hiyo ni ya akili nyingi, maana ndiyo akiba ya wazee wetu. Lakini yeye alihesabu kwa kichwa tu, na siku alipokufa, hesabu ikazikwa pamoja naye. Rafiki mmoja akasema, "Kwangu wapo wawili." Kijana wa marehemu akasema, "Baba aliniambia wanne." Mjane alipoulizwa, akajibu kwamba hakuambiwa neno. Hata leo nyumba zile mbili hazisalimiani. Twauliza: kosa ni la nani, kama si la kukosa karatasi moja?

Basi na tuanze na chakula, kwa kuwa ndicho mwanzo wa hesabu zote. Chukua nyumba ya watu sita. Kila mtu akila nusu kilo ya mahindi kwa siku, nyumba yatumia kilo 3 kwa siku, nazo ni kilo 1,095 kwa mwaka, yaani karibu magunia 11 ya kilo mia. Nyumba hiyo ikivuna magunia 18, na itenge kwanza hayo 11. Kisha itenge 1 la wageni na misiba, na 2 kwa ajili ya mvua ikichelewa. Yaliyobaki ni 4, na hayo tu ndiyo ya kuuza. Lakini sisi twafanyaje? Twauza 10 wakati wa mavuno, bei ikiwa chini kwa sababu kila mtu anauza, kisha miezi ya njaa twarudi sokoni kununua mahindi yale yale kwa bei ya juu. Huko ni kumlipa mchuuzi atutunzie ghala.

Hata mazao ya kuuza yana hatari yake. Twakumbuka mbaazi. Wakulima wengi wa Hanang na Babati walizipenda kwa sababu India ilizinunua kwa wingi. Mwaka 2017 zilikuwa tegemeo la ada za shule. Ndipo mwezi wa Agosti mwaka huo serikali ya India, baada ya wakulima wake kuvuna sana, ikaweka kikomo cha mbaazi ziingiazo nchini mwake. Bei huku ikaanguka, na wengine wakaziacha shambani. Mkulima wa Nangwa hakufanya kosa lolote, ila aliyekuwa ameegemea zao moja alianguka nalo. Kwa hiyo yafaa shamba liwe na mahindi, maharage, alizeti na mbaazi pamoja, kama vile wazee walivyogawa ng'ombe.

Sasa tutazame fedha yenyewe. Twashauri mume na mke waketi pamoja mara moja kila mwezi, wakiwa na daftari la shule la kawaida. Upande mmoja waandike yaliyoingia, upande wa pili yaliyotoka: chumvi, sabuni, dawa, ada, michango ya arusi, sadaka, madeni. Wasifiche kitu. Mume afichaye fedha za ng'ombe, na mke afichaye fedha za kuku, wote wawili waiba nyumba moja. Wakiisha kuona hesabu, watenge akiba kwanza kabla ya matumizi, si baada yake. Kwa maana kinachongojwa kibaki hakibaki. Haba na haba hujaza kibaba.

Mahali pa kuweka akiba si chini ya godoro. Wengi wetu tumo katika vikundi vya kuweka na kukopeshana, viitwavyo VICOBA. Mfano wake ulianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipowasaidia wanawake wa vijijini kuweka akiba yao wenyewe. Ni chombo chema, wenye kikundi wakiandika kila senti mbele ya wote. Lakini mkopo wa kikundi ni wa kununua mbegu au mbuzi wa kuzaa, si wa kununua nguo za sikukuu. Mbegu itaota ilipe deni, bali nguo itachakaa na deni likiwa bado jipya.

Juu ya uzee, twalisema kwa upole. Zamani mtu alizeeka kati ya wanawe. Leo vijana wetu wako Arusha na Dar es Salaam, nao wana kodi za nyumba na watoto wao wa kusomesha. Mfuko wa NSSF hupokea pia wakulima na wafanya biashara ndogo wanaojiandikisha wenyewe, na kwa pensheni ya uzee hutaka michango ya miezi 180, ambayo ni miaka 15. Basi mtu aanzaye akiwa na miaka 45, asipokosa hata mwezi mmoja, atatimiza akiwa na 60. Sisi tulio katika makamo hatuna mwaka wa kupoteza.

Mwisho twafika kwenye wosia, ambao watu huuogopa kana kwamba kuuandika ni kukiita kifo. Lakini kifo hakingoji kuitwa. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang juu ya Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa, na nyumba zikachukuliwa na kila kilichokuwamo. Nani kati yao aliamka asubuhi ile akidhani ndiyo siku yake?

Kanuni za Sheria ya Mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilieleza jinsi ya kuandika wosia. Uandikwe kwa wino, uwe na tarehe, na mwenyewe atie sahihi, au alama ya kidole gumba kama hajui kuandika. Ajuaye kusoma awe na mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua awe na wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Mke naye aushuhudie. Ni vyema nakala ikae mbali na nyumba. Ofisi ya RITA hutunza wosia za watu. Katika wosia yaandikwe mashamba na mipaka yake, wanyama na mahali walipo, madeni tunayodai na tunayodaiwa.

Kanuni hizo hizo zilimwacha mjane bila fungu la urithi ikiwa mume ameacha watu wa ukoo wake, zikisema atunzwe na watoto. Ndiyo maana mume ampendaye mkewe hamwachii mila peke yake imseme. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yakataa mila imnyimayo mwanamke haki ya ardhi, na hati ya hakimiliki ya kimila yaweza kuandikwa majina ya wote wawili. Tena mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, ilimpa haki Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake, mpwa wake alipompinga. Angalieni: shauri lile lilianza na baba aliyekumbuka kuandika.

Basi, ndugu, jioni ya leo ng'ombe wakiisha kuingia zizini, msifunge mlango mkalala. Washeni taa, mwiteni mama wa nyumba, chukueni daftari, mwandike mstari wa kwanza: ng'ombe wetu ni wangapi, nao wako kwa nani.