Je, Wajua? Gitaa la Besi la Bei Chee

Jumamosi ni siku ya mnada Msalato, Dodoma, na si ajabu mbuzi mmojawapo anayeshushwa pale akawa ametolewa na muumini kuchangia vyombo vya kwaya. Solo ipo, kinanda kipo, besi haipo. Linalobaki ni kubishana: tununue besi ya bei chee sasa hivi, au tuchange mwaka mwingine mzima tupate ya maana? Wahenga walisema rahisi ni ghali. Kwa besi, safari hii nawapinga. Soma haya kwanza, halafu ndipo mbuzi aende.

Je, wajua kwamba gitaa la besi tunaloliona leo lilitoka mikononi mwa fundi redio? Leo Fender alifungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton, California, mwaka 1938. Mwaka 1951 akatoa Precision Bass, na yeye mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Ndani ya besi ya kawaida hamna miujiza: sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, yaani pikapu, vitufe viwili vitatu vya sauti, kapasita moja, na tundu la kuchomeka waya. Basi ikikatika sauti, usikimbilie Dar. Fundi anayeweza kulehemu waya wa redio pale Dodoma mjini anaiweza na hii.

Je, wajua kwamba besi mojawapo maarufu kuliko zote duniani ilinunuliwa kwa sababu ilikuwa rahisi? Mwaka 1961 Paul McCartney, kijana asiye na fedha, alikuwa Hamburg na Beatles. Fender ilikuwa karibu pauni 100. Höfner yenye umbo la fidla ilikuwa karibu pauni 30. Akachukua Höfner. Umbo lake la pande mbili sawa lilimfaa pia kwa kuwa anapiga kwa mkono wa kushoto. Iliibwa London mwaka 1972, na habari za kupatikana kwake zikatangazwa Februari 2024.

Na mwenzake John Lennon? Gitaa lake la mwanzo mwanzo lilikuwa Gallotone Champion, gitaa kavu la bei ya chini lililotengenezwa Afrika Kusini. Ndani yake palibandikwa karatasi yenye ahadi kwamba halitapasuka. Mwaka 1999 liliuzwa kwenye mnada London kwa zaidi ya pauni 100,000. Mnada wa Msalato haujafika huko.

Je, wajua kwamba kitu cha kukagua dukani ni shingo, si rangi? Rangi ndiyo inayouza, na muuzaji analijua hilo. Pikapu hubadilishwa, vitufe hubadilishwa, vigingi vya kutyunia hubadilishwa. Shingo iliyopinda kama panga haina dawa ya bei nafuu. Kwa hiyo inua gitaa, funga jicho moja, chungulia kutoka kichwani kuelekea tumboni. Freti zote, yaani vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, zionekane zimelala sambamba. Ukiona za mwisho zimeinama upande mmoja na za mwanzo upande mwingine, shingo imejipinda. Rudisha gitaa ukutani na usipunguziwe bei ukalainika.

Kisha bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza, na mkono mwingine uubane pale shingo inapokutana na mwili. Tazama katikati, karibu na freti ya saba. Panatakiwa nafasi ndogo, kiasi cha kupitisha vocha ya kukwangua. Nafasi ikiwa kubwa au isiwepo kabisa, bado usikate tamaa: ndani ya shingo kuna chuma kirefu kinachokazwa na kulegezwa kwa spana ya pembe sita, robo mzunguko kwa wakati. Muulize muuzaji spana iko wapi, na chuma chenyewe kizunguke. Kisipozunguka, ondoka.

Jaribio la tatu ni la sikio. Gusa uzi kidogo juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, upige. Halafu ukandamize hapohapo, upige tena. Sauti mbili ziwe moja. Zikipishana kidogo, skrubu za darajani, pale nyuzi zinapofungwa tumboni, zinarekebisha. Zikipishana sana na skrubu imefika mwisho, daraja limefungwa mahali pasipo pake, na kosa hilo la kiwandani utaliimba kila Jumapili.

Je, wajua kwamba nyuzi nne za besi zikishatyuniwa huvuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70? Usiku na mchana, hata gitaa likiwa limelala kwenye mfuko. Ndiyo maana gitaa lililoegemezwa ukutani kwa miezi sita huweza kurudi limebadilika tabia.

Je, wajua kwamba adui wa besi Dodoma si mvua? Kwenye uwanda wetu mvua hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine ni ukavu mtupu. Mbao za gitaa la bei chee mara nyingi hazikukaushwa vya kutosha kiwandani. Likifika Msalato mwezi Juni, linamalizia kukauka nyumbani kwako. Mbao inasinyaa, chuma cha freti hakisinyai. Ifikapo Agosti pitisha kiganja pembeni mwa shingo: ncha za freti zimechomoza zinakwaruza ngozi, na mpiga besi anaambiwa anavuja damu kwa ajili ya Bwana. Tupa la meno madogo, mkono wa taratibu, utepe wa karatasi kulinda mbao, na kazi imekwisha jioni moja. Shingo nayo huweza kujinyoosha kupita kiasi, nyuzi zikaanza kugonga freti. Legeza kile chuma robo mzunguko. Mvua zikirudi, huenda ukahitaji kukikaza tena. Gitaa la bei kubwa nalo hufanya haya, tofauti ni kwamba mwenye nalo huogopa kuligusa.

Usilitundike chini ya bati. Saa nane mchana, kanisa lililoezekwa bati bila dari ni tanuri.

Vumbi je? Kitufe cha sauti kikianza kukoroma ukikizungusha, kizungushe mara ishirini thelathini huku na huku. Mara nyingi kinajisafisha. Kikikataa, ni kitu cha bei ndogo, fundi akibadilishe.

Je, wajua kwamba seti moja nzuri ya nyuzi inaweza kugharimu robo ya bei ya gitaa lenyewe? Harley Benton, besi za duka la Thomann la Ujerumani, zipo zinazouzwa karibu euro 100. Seti ya nyuzi za maana huko ni euro 20 na ushei. Hapa wapiga besi wana ujanja wa miaka mingi: wanachemsha nyuzi kuukuu. Dakika kama kumi kwenye maji yanayotokota, jasho na mafuta yanatoka, zinakaushwa vizuri, na uangavu unarudi kwa muda. Ila James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi sana za kampuni ya Motown, hakuona haja: alijulikana kwa kutobadilisha uzi mpaka ukatike, na alipiga kwa kidole kimoja cha shahada.

Uzi wa kuvulia samaki? Hautasikika. Pikapu husikia chuma tu. Waya wa breki ya baiskeli utasikika, kwa sababu ni chuma, lakini utazila freti zako.

Je, wajua kwamba besi nyingi zinazolaumiwa kuwa mbovu hazina kosa? Kosa ni la sabufa. Uzi mnene wa besi hutikisika mara 41 kwa sekunde, sauti ya chini kuliko spika ya simu inavyoweza kuitoa. Kisha umeme unaotoka kwenye pikapu ni mdogo mno kwa tundu la sabufa ya sebuleni, lililotengenezwa kwa ajili ya simu na runinga. Sauti inatoka nyembamba, mtu anapandisha volyumu mpaka mwisho, karatasi ya spika inapasuka, na lawama anabebeshwa Mchina. Kwenye mikisa ya kanisa, kile kiboksi kidogo ambacho mafundi mitambo hukiita DI hubadilisha habari yote. Kwa maoni yangu, mwenye fedha ya besi ya wastani anunue besi ya chini kabisa na tofauti aiweke kwenye amplifaya. Wanaokaa benchi la nyuma hawaoni jina lililoandikwa kichwani pa gitaa.

Na hilo jina lenyewe? Squier si Fender bandia. Ni jina la kampuni ya zamani ya nyuzi iliyonunuliwa na Fender mwaka 1965, na tangu 1982 ndilo jina wanalolitumia kwa magitaa yao ya bei ya chini. Anayekuuzia Fender kwa bei ya Squier ndiye wa kumtilia shaka.

Je, wajua kwamba mngurumo unaweza kukuokoa? Gitaa likinguruma kidogo, kisha likatulia ukigusa nyuzi, waya wa ardhi ndani yake uko sawa. Lakini ukigusa nyuzi na maikrofoni kwa pamoja ukahisi kutekenywa, chomoa kila kitu na umtafute fundi umeme. Si gitaa; ni jengo au jenereta isiyo na waya wa ardhi. Mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifia jukwaani Swansea mwaka 1972 kwa maikrofoni ya namna hiyo. Hapa bei ya gitaa haihusiki hata kidogo.

Je, wajua kwamba mpingo, ule mti wetu wa vinyago na zumari, ni wa jamii moja na mti unaotumika tangu zamani juu ya shingo za magitaa? Wote ni Dalbergia. Mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya miti ya jamii hiyo iliwekewa vibali, na viwanda vingi vya magitaa ya bei ya chini vikahamia mbao nyingine. Vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa vililegezewa masharti mwaka 2019, lakini mbao mpya zilishazoeleka. Ukiambiwa besi yako si halisi kwa sababu shingo haina rangi nyeusi, cheka.

Je, wajua kwamba wanamuziki wengi wa dansi waliokufurahisha hawakumiliki magitaa waliyoyapiga? NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978, baadaye ilikuwa ya shirika la DDC. Ukihama bendi, gitaa linabaki. Patrick Balisidya, mzaliwa wa Mvumi hapahapa Dodoma, aliunda bendi ya Afro 70 na kuipeleka kwenye tamasha la FESTAC, Lagos, mwaka 1977. Kupiga walijua, lakini kuwa na vyombo ndiko kulikokuwa mtihani wa kila bendi. Leo kijana wa Msalato anaweza kulala na besi yake chumbani. Atapiga usiku bila hata umeme, maana besi husikika kidogo hata ikiwa kavu, inatosha kujifunzia. Besi inayopigwa kila siku inafundisha kuliko ile ya maana inayofungiwa kwenye stoo ya kanisa na ufunguo kukaa kwa mhazini.

Hata pikapu si lazima inunuliwe. Bendi ya Konono N°1 ya Kinshasa ilitengeneza pikapu za likembe zake, yaani marimba za vidole, kwa sumaku za alteneta kuukuu za magari, na likembe yake moja ndiyo besi. Ilimba ya Kigogo, ile aliyoitangaza duniani Hukwe Zawose wa Doduma, ni ndugu wa likembe. Sijaona kwaya ya Dodoma iliyolijaribu hilo. Inasubiri nini?

Je, wajua la kufanya freti zikishalika kabisa? Kuziweka mpya kunaweza kugharimu kuliko gitaa zima. Mpiga besi Jaco Pastorius wa Florida alikuwa na Fender Jazz Bass ya 1962 isiyo na freti. Mifereji ilizibwa, na juu akapaka gundi ngumu ya maboti. Kwa gitaa la maelfu ya dola hungethubutu. Kwa hili la bei chee unachukua koleo na kuanza. Ila uwe na sikio, na mpiga kinanda wako awe nalo pia.