Maji Kwanza, Safari Baadaye

Apitaye katika mtaa wa Golf, mjini Lubumbashi, huona nyumba mpya zikiinuka: hapa waashi wanachanganya saruji, pale wengine wanakoroga chokaa. Ndani ya nyumba mna javeli ya kufulia na soda kali ya kuzibulia mabomba. Penye magari pana maji ya betri. Vitu hivi vyatusaidia kila siku, lakini vikiruka jichoni vyaweza kumtia mtu upofu kabla hajafika kwa daktari.

Sisi watu wa Katanga twaiogopa asidi, wala si bure. Asidi ya salfa hutumika kutoa shaba na kobalti katika mawe, na malori huichukua katika barabara zetu. Mwezi wa Februari 2019, upande wa Tenke, mkoani Lualaba, lori la asidi liligongana na basi, na watu wengi wakafa. Lakini mara nyingi jicho huharibiwa zaidi na yule adui tusiyemwogopa: chokaa, saruji na soda. Asidi hugandisha uso wa jicho, kama moto ugandishavyo ute wa yai, na mgando huo huizuia kidogo isipenye. Chokaa na soda hazina kizuizi hicho: huyeyusha mafuta ya mwili, zikaingia ndani ya jicho kwa dakika chache.

Basi, tufanyeje? Wengi humfunga mgonjwa kitambaa, wakakimbilia kutafuta gari, na huku dawa ya kwanza imo katika ndoo ya maji. Tumwinamishe kichwa, jicho lililoumia liwe upande wa chini, ili maji yasitiririkie jicho la pili. Tumfumbue kope kwa vidole, maana kwa uchungu mwenyewe hataweza. Tummiminie maji safi bila kukoma, kwa muda wa dakika 30, naye aangalie juu, chini, kushoto na kulia. Punje za chokaa zilizonasa chini ya kope ziondolewe kwa kitambaa safi kilicholowa.

Mgonjwa asisugue jicho. Wala tusitie siki juu ya chokaa, au soda juu ya asidi, tukidhani kwamba moja itaiua nyingine. Kufanya hivyo ni kuongeza jeraha. Maziwa, mkojo na maji ya majani pia tuviache.

Baadaye twende hospitali siku ile ile, hata kama maumivu yametulia, na njiani tuzidi kumimina maji. Tuchukue na chupa ya dawa iliyomwumiza. Daktari atagusa jicho kwa karatasi ibadilikayo rangi, apate kujua kama ukali umekwisha; kama bado, ataosha tena. Mgonjwa aliyechelewa huweza kubaki na kovu jeupe mbele ya mboni, au kope zikashikamana na jicho.

Enyi wasimamizi wa ujenzi, wekeni pipa la maji safi lenye mfuniko, mbali na maji ya kuchanganyia saruji, na wapeni waashi miwani ya kukinga macho. Nanyi akina mama, kwa kuwa bomba hukauka, msikose ndoo moja iliyojaa. Wala soda kali isitiwe kamwe katika chupa ya kinywaji. Nanyi wanafunzi, wafundisheni wadogo zenu maneno haya mawili: maji kwanza. Ajuaye hayo aweza kuokoa jicho la ndugu yake.